Yungiyungi la Ngozi Mbili

Suzhou, 6 Mei 1985

Mdogo wangu Cuiping,

Kabla hujafungua barua hii uwe umekula, maana ukisoma na njaa utanijibu vibaya, nakujua.

Matanga ya Baba yamekwisha. Kila wiki nimemchomea karatasi za wafu kama inavyotakiwa, na jana tumefunga. Kichochoro kizima kilikuja. Kila aliyeingia aliuliza, "Na yule mdogo yuko wapi?" nami nikajibu, "Lanzhou ni mbali." Nimejibu hivyo mpaka ulimi umeota sugu. Usiniambie telegramu haikufika.

Vitu vya Baba havijazi sanduku. Tangu mwaka ule tulipoichoma wenyewe michoro yake yote jikoni, ili wale vijana wa mapinduzi wasije wakaitia moto barabarani mbele ya watu, hakushika tena brashi kwa kupenda. Hilo unalijua, nilikuandikia. Usilolijua ni kwamba baada ya Mwaka Mpya, kikohozi kikiwa kimemkaba, aliniita. Nikakimbilia chupa ya dawa. Akasema, "Dawa ya nini? Wino!"

Nilisaga mche wa wino juu ya jiwe mpaka bega likaita. Kila nikimwonyesha anasema, "Mwepesi. Haya ni maji ya kunawia miguu." Nasaga tena. Ile harufu, Cuiping! Masizi ya msonobari na kafuri, ikajaa chumba chote mpaka ikafukuza harufu ya ugonjwa. Nilisahau kwamba nyumba yetu iliwahi kunukia hivyo.

Halafu akamtuma Bi Fei wa mlango wa pili akamnunulie karatasi. Bi Fei akaja na karatasi ya ngozi mbili, ile nene wanayoitengeneza kwa kulaza mbili pamoja zikiwa bado mbichi. Baba, ambaye siku zote aliiita godoro la wavivu! Nikasema Bi Fei amekosea, nairudisha dukani. Akanifokea kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Iache hapo!"

Akachora yungiyungi. Ua moja, bua moja, jani moja. Jani alilipiga kwa brashi iliyokuwa inadondosha, wino ukazama ukapita mpaka kwenye blanketi la mezani, na doa lipo hadi leo, sabuni imeshindwa. Ua lenyewe ni mistari tu ya wino hafifu na karatasi tupu katikati, lakini ukilitazama unasikia ubaridi wa bwawa la asubuhi usoni. Hakuna rangi hata tone. Bi Fei aliuliza Baba alipata wapi kijani.

Pembeni ameandika: "Kwa binti yangu, apate kivuli wakati wa joto." Chini yake muhuri wake mwekundu. Nitaipeleka karakana niitie mgongo wa karatasi kwa mikono yangu mwenyewe, maana kubandika picha ndiyo kazi yangu tangu wewe ukiwa na mikia ya nywele, kisha nitaitundika chumbani kwangu. Kona ya chini kuna kijivimbe, nadhani ni uzembe wa watengeneza karatasi. Nitakilainisha.

Nimeona ni vizuri ujue.

Dada yako,
Suyun


Lanzhou, 21 Mei 1985

Dada Suyun,

Nilikuwa nimekula. Nakujibu vibaya hivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeisoma natembea, nimeisoma kwenye foleni ya makaa mpaka mtu wa nyuma akanisukuma. Mume wangu ananiuliza, "Unaisoma au unaitwanga?" Siwezi kukaa. Kiwandani leo nimeharibu nyuzi za sufi, na msimamizi akanitolea macho, nami nikamtolea yangu.

"Kwa binti yangu." Binti yupi? Baba ana mabinti wawili, labda ulisahau. Unaandika "nitaitundika chumbani kwangu" kama mtu anayesema kesho nitafua mashuka. Umejigawia mwenyewe na mashahidi ni kuta zako.

Wewe ulichora okidi, Dada. Vizuri kabisa, sikatai. Lakini jani la yungiyungi ulikuwa unaliogopa. Ulikuwa unasimama na brashi imejaa, huku unatetemeka, mpaka tone linaanguka lenyewe, halafu unalia. Aliyeketi na Baba ukingoni mwa bwawa kabla jua halijapanda ni mimi. Alikuwa ananiziba macho kwa kiganja chake kinachonuka wino na tumbaku, anasema, "Nusa kwanza. Ukishanusa ndipo nitakuachia utazame." Yungiyungi lina harufu mbili, ulijua? Ua lina harufu yake tamu, ya mbali, na jani lina yake, chungu kidogo, kama chai iliyosahauliwa. Mimi nilijua. Ndiyo maana alinichongea muhuri wangu nikiwa na miaka sita, nikaugonga kwenye kila kitu cha nyumba ile, mpaka kwenye tofu ya Mama.

Telegramu niliipata. Likizo ndiyo sikuipata. Amini usiamini.

Nijibu swali moja tu. Alinitaja? Nimemwandikia kila sikukuu tangu nilipoondoka, na hakunirudishia hata nukta. Najua alinikasirikia. Alitaka nibaki nishike brashi yake, nikaenda zangu na fundi wa reli mwenye masikio makubwa. Lakini mwisho wake, Dada, wakati unamsagia ule wino, alinitaja?

Nitumie picha. Huku kila kitu kina rangi ya vumbi, hata mkate. Nitumie.

Cuiping


Suzhou, 9 Juni 1985

Cuiping,

Hakukutaja.

Umeuliza, nimejibu. Hakukutaja alipokuwa anachora, wala nilipokuwa namgeuza kitandani, wala nilipokuwa namlisha uji naye anautema kwenye mkono wa shati langu. Kama kuna jina alilolitaja ni la mama yetu, na mara moja la paka aliyekufa zamani.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, chukua na huu. Ule muhuri wako unaojivunia, siku uliyoondoka na Luo Zhenhai, Baba aliutoa kwenye droo, akaenda mpaka kwenye ngazi za mfereji, akautupa majini. Nilikuwa nimesimama dirishani, niliona kwa macho yangu. Sikukwambia wakati ule kwa sababu nilikuonea huruma. Huruma yangu umeimaliza.

Kuhusu picha, haitoki Suzhou. Usidhani ni uchoyo. Mimi nabandika kwa uji wa ngano katika mji ambao hewa yake inaweza kukamuliwa. Picha ikilala hapa, inakauka taratibu ukutani wiki hata wiki, inatulia. Ukiipeleka huko kwenu, ambako uliniandikia kuwa milango inapasuka na midomo yenu inatoka damu, itajikunja pembeni mwaka wa kwanza na wa pili itachanika katikati ya ua. Nimeziona zikirudishwa karakana kutoka kaskazini, zinatia uchungu. Baba ameandika "apate kivuli". Hakuandika apate vumbi.

Nitakutengenezea nakala. Mkono wangu si mbaya.

Mvua za ukungu zimeanza. Viatu vyangu vimeota manyoya chini ya kitanda.

Suyun


Lanzhou, 20 Juni 1985

Dada,

Nakala ya nini? Nikuletee na wewe nakala ya mdogo wako?

Unasema picha itachanika huku. Mimi nipo huku tangu usichana wangu, ngozi imepasuka, pua imepasuka, watoto wawili nimewazaa kwenye upepo unaorusha mawe, na hakuna aliyeandika barua kuuliza kama nitajikunja pembeni. Leo karatasi ndiyo inaonewa huruma.

Muhuri umenikata maini. Ulitaka unikate, hongera.

Nakuja Septemba. Safari hii likizo nitaipata hata ikibidi nimng'ate msimamizi. Tutaiweka mezani, wewe upande huu na mimi upande ule. Ukiona hatuwezi kuelewana, tutachukua mkasi. Wewe chukua jani, si ulikuwa unaliogopa? Mimi nitachukua ua.

Cuiping


Suzhou, 14 Julai 1985

Mdogo wangu mpenzi,

Joto limekuwa kali, na nimepata muda wa kufikiri. Ndugu wawili waliobaki peke yao hawapaswi kugombana kwa sababu ya karatasi. Nimeona hata si haki nikae na picha wakati wewe ndiye uliyependa mayungiyungi.

Kwa hiyo usijisumbue na safari. Treni ni ndefu, na miguu yako inavimba. Nitakutumia picha yenyewe, ile aliyoishika Baba kwa mkono wake, kwenye bomba la mwanzi, nimeifunga kwa kitambaa na kukishona vizuri. Nitaibandika kwa uji mwepesi kabisa ili istahimili hewa ya huko. Usishangae ukiiona imefifia kidogo. Wino wa siku hizi hukwajuka ukikauka, si kama ule wa zamani.

Mabwawa yamechanua yote. Asubuhi nilinunua maganda ya mbegu za yungiyungi kwa mwanamke wa mashua, bado laini, tamu kama maziwa. Nilikukumbuka.

Msalimie shemeji na watoto.

Dada yako akupendaye,
Suyun


Lanzhou, 29 Julai 1985

Dada,

Ukiwa mkali nalala usingizi. Ukiwa mpole naanza kushika mifuko yangu.

"Mdogo wangu mpenzi"! Zhenhai alisoma juu ya bega langu akasema, "Huyu dada yako anaumwa au anauza kitu?" Nilicheka. Nikaenda kuichukua barua yako ya kwanza, nikaisoma tena ile sehemu ya karatasi.

Karatasi ya ngozi mbili. Wino mzito uliozama mpaka kwenye blanketi. Na sasa picha "imefifia kidogo".

Unamkumbuka Bwana Kou wa karakana ya ng'ambo ya daraja? Watu walimpelekea picha zao azitie mgongo, naye, kama karatasi ni ya ngozi mbili, anailowesha, anaichuna, anapata picha mbili. Ile ya juu yenye wino wote anaiuza, na ya chini, kivuli chake, anamrudishia mwenyewe akiwa amekipaka muhuri wa uongo. Unakumbuka Baba alikuwa akikutana naye anavuka barabara? Alikwambia siku ulipoanza kazi, mimi nikiwa nimesimama pale pale nimeshika kikapu cha mboga: "Mkono wako ukimchuna mtu picha, usije kula mezani kwangu."

Unataka kunichuna, Suyun. Utabaki na jani lililoshiba na mimi utanitumia kivuli uniambie ndiyo picha.

Nilikasirika nikavunja bakuli. Nikatoka, nikatembea mpaka Mto wa Manjano, nikarudi, nikatoka tena. Watoto wanadhani nimepungukiwa. Roho iko juu juu, haishuki.

Sasa sikiliza. Fanya.

Ichune. Nitumie kivuli, nakitaka. Miaka yote hii kwa Baba sikuwa na kitu kingine ila kivuli, na nimekizoea. Lakini usinidanganye. Niandikie tu: Cuiping, hii ni ya chini. Nikipata neno hilo moja la kweli nitanyamaza, sitakuja Septemba, na ya juu utakufa nayo.

Na mimi nikupe langu la kweli. Likizo nilipewa. Nilipanda treni. Nilipofika Xuzhou, njiani kuja kwenu, nikashuka kwenye jukwaa kununua maji, na treni ikapiga honi, na nikabaki nimeshika kopo. Niliogopa kwamba yuko hai bado, na nikiingia atageuza uso ukutani. Nikapanda treni ya kurudi. Alikufa nikiwa njiani kumkimbia.

Cuiping


Suzhou, 16 Agosti 1985

Cuiping,

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuichuna.

Siwezi kuandika vizuri, utanisamehe mwandiko. Ni kama ulivyosema. Nilingoja siku ya mvua, karakana ikiwa haina watu, nikajifungia. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyesaga wino, na yule aliyekwenda zake atosheke na kitakachobaki. Nilijiambia hivyo kwa sauti, kama mtu anayebishana sokoni.

Nililaza picha kifudifudi, nikainyunyizia maji. Ikilowa, wino wa Baba unaamka, harufu inarudi kama siku ile ile, masizi na kafuri, na mimi nikasimama na brashi yangu mkononi. Nikaanza kona ya chini kwa sababu ya kile kijivimbe. Ukitaka kuchuna unasugua kona kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka ngozi zigawanyike, na hapo ndipo kazi ilipo, maana karatasi nzuri haikubali upesi.

Hii ilikubali mara moja. Kona ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mtu alikuwa ameichuna kabla yangu, upana wa vidole viwili, kisha akairudishia kwa uji wa wali. Kazi ya ovyo, imejaa mabonge. Kazi ya mtu anayechora, si ya mtu anayebandika.

Nikaendelea kuvuta. Ngozi ya chini ikatoka nzima, sikuichana hata unyuzi. Nikaigeuza. Jani lipo, limekuwa la kijivu, jepesi, unadhani ukungu umelipitia. Ua karibu halipo, inabidi ulisubiri. Maandishi yapo. Muhuri wa Baba haupo, ni lazima usiwepo, wino mwekundu una mafuta, hauzami. Lakini mahali pale pale, kwenye ile kona, katikati ya ngozi mbili ambako hakuna jicho lingefika, kuna muhuri mwingine. Mwekundu, mbichi, umechafua kidogo pembeni.

Ni wako. Wenye jina lako na ile pembe iliyomeguka ulipouangusha kwenye kizingiti.

Nilikaa sakafuni. Nikalia, na sitakudanganya tena: sikulia kwa ajili yako. Nilililia jina langu. Niliitazama ile ya juu, "Kwa binti yangu", haina jina, na ndani yake alikuwa amelificha lako kama mtu anayeficha kitu kizuri asije akakiona mwenye wivu. Mimi ndiye niliyekuwa chumbani. Aliugonga lini? Nilipokwenda kumchotea maji? Nilipokuwa namfulia?

Nikazikunja zote mbili nikaziweka chini ya mkeka wangu. Sikukwambia. Nilifikiri kukifuta kile kimuhuri, dawa ninayo. Kila siku nilikwenda kazini nikakata vidole vyangu badala ya karatasi. Halafu ikaja barua yako ya Xuzhou.

Nilikwenda kwa Bi Fei. Nikamwambia, niliona kwa macho yangu Baba akiutupa muhuri mferejini, umetoka wapi? Bi Fei akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe uliona jioni," akasema, "mimi niliona asubuhi yake. Baba yako kwenye maji mpaka kiunoni, suruali ameining'iniza kwenye ngazi, anapapasa tope. Namwuliza, Mzee Sheng, umepoteza nini? Ananiambia, miwani. Na miwani ameivaa!"

Nikapekua nyumba. Muhuri upo kwenye kopo lake la chai, umefungwa kwenye kipande cha blanketi, na chini yake barua zako zote za sikukuu. Zimefunguliwa na zimechakaa kwenye mikunjo.

Nakutumia vyote. Muhuri, ngozi ya chini, na ngozi ya juu pia. Nimezitia mgongo zote mbili, uji mwepesi kama nilivyoahidi, na hapo sikudanganya. Jani zito ni lako. Aliyetajwa ni wewe, na sina haki ya kukaa na picha ya mtu mwingine ukutani.

Kitu kimoja usinilaumu. Muhuri wako ameugonga juu chini. Nadhani mkono ulikuwa unamtetemeka, au alikuwa anaharakisha nisimkute. Nilitamani kuunyoosha lakini haiwezekani. Nisamehe kwa hilo, na kwa mengine ukiweza.

Suyun


Lanzhou, 20 Septemba 1985

Dada yangu,

Mwanzi umefika. Umeushona kwa nyuzi ngumu mpaka Zhenhai akavunja kisu, na amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nilipoifungua niliwaambia wote wafunge midomo, nikafumba macho, nikanusa. Uji wa ngano wako, mwanzi mbichi, kisha kwa chini kabisa, masizi na kafuri. Nikakaa. Nimekaa, Dada! Nimekaa kwenye kiti mpaka chakula kikaungua na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Kivuli nimekitundika juu ya kitanda. Chini yake nimeweka beseni la maji ili hewa isikikaushe, na shemeji yako amekwisha kulipiga teke mara kadhaa, soksi zake zote zimelowa, sasa analala upande wa ukuta. Asubuhi mwanga ukiingia, ua halipo. Ukingoja linakuja. Binti yangu mdogo ananiuliza jani lina rangi gani, nikamwambia aninusie kwanza, akasema linanuka chai.

Ya juu sitaitundika. Nimeifunga tena. Ni yako, na usinibishie, nimefikiri nikiwa nimekaa.

Wewe unaona alificha jina langu usilione. Hebu fikiri kama mtu wa karakana. Picha ingekwenda kwa mwingine yeyote, ingekaa nzima daima na mimi nisingeonekana. Kuna mikono mingapi Suzhou inayoweza kuchuna karatasi ile bila kuichana, jinsi alivyoizamisha kwenye wino? Alimtuma Bi Fei akanunue ngozi mbili, akakusagisha mpaka bega likakuuma ili wino ufike chini, akaniweka mahali ambapo wewe peke yako unaweza kunitoa. Aliyekataza kuchuna ni yeye, na anayejua kuchuna ni wewe. Alikukabidhi mimi, Suyun. Mimi ilibidi anigongee jina kwa sababu nilikuwa mbali. Wewe hakukuandika kwa kuwa ulikuwa umesimama mbele yake unamsagia wino. Angeandika jina la nani tena?

Kwa hiyo naileta mwenyewe. Nimepata likizo, bila kumng'ata mtu. Nitafika na Zhenhai kabla ya sikukuu ya mwezi, na tukifika Xuzhou ameapa kunishika mkono mpaka treni iondoke. Nunua mizizi ya yungiyungi, ile minene, na wali wa kuijaza. Shemeji yako anakula sana.

Nimebaki na hili, nimelihifadhi mwisho kwa sababu nikilianza silimalizi. Wewe hukuwepo, ulikuwa shuleni. Nilipokuwa na miaka sita na Baba amenipa ule muhuri, kila mara niliugonga juu chini. Kila mara. Ananionyesha upande wa juu, ananitilia alama, nakula kiapo kwamba nimeelewa, nagonga, jina limesimama kwa kichwa. Akawa ananiita mtu wa kwanza Suzhou mwenye jina linalotembea kwa mikono. Tulicheka mpaka akamwaga wino, akaniambia nisimwambie mtu, ni siri yetu, na sikumwambia mtu mpaka leo.

Mkono wake haukutetemeka, Dada. Alikuwa ananitania.

Mdogo wako,
Cuiping